Jani, Ukili na Nguo: Ushahidi wa Maneno juu ya Usukaji katika Viunga vya Dar es Salaam

I. Jambo Linalochunguzwa

Historia ya mavazi katika pwani ya Afrika ya Mashariki imezoeleka kuelezwa kwa pamba. Mwandishi huanza na vile vipande vya udongo vyenye tundu katikati, vilivyotumiwa kusokotea uzi, ambavyo Neville Chittick na wenzake walivifukua Kilwa katika miaka ya 1960. Kisha hutaja nguo za Pate ambazo Wareno walizijua na kuzitumia katika biashara yao. Baadaye huja marekani, kitambaa kilichotoka viwanda vya Massachusetts, ambacho kilienea barani baada ya Zanzibar na Marekani kufanya mkataba wa biashara mwaka 1833. Mwisho huja kanga, na hadithi hukomea hapo.

Hapana ubaya katika mpango huo, ila una upungufu mmoja mkubwa. Kila hatua yake imetegemea kitu kisichooza au kilichoandikwa. Udongo uliochomwa hukaa ardhini karne nyingi, na daftari za wafanyabiashara zimehifadhiwa katika nyumba za kumbukumbu. Jani halina bahati hiyo. Mkeka uliosukwa katika kijiji cha Mzizima kabla ya Sayyid Majid kuanza kujenga mji wake mpya wa Dar es Salaam, yapata mwaka 1862, umekwisha kuwa udongo zamani, na mchimbaji hawezi kuuokota. Basi, kwa kuwa haukuokotwa, hauhesabiwi. Na kwa kuwa hauhesabiwi, msomaji hudhani kwamba kabla ya pamba watu wa pwani hawakuwa na elimu yoyote ya kuunganisha nyuzi na kuzifanya kitu kipana.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haisimami mbele ya ushahidi wa lugha. Maneno ya ufundi wa majani, yakipangwa pamoja na maneno ya ufundi wa nguo, yatuambia kuwa mikono ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufunzwa na jani kabla pamba haijawafikia. Aidha nitaonyesha kwamba ushahidi huo hauko katika kamusi tu. Uko katika vinywa vya wasukaji wa Temeke, Mbagala, Kigamboni na Kinondoni, na huko unapungua upesi kuliko tunavyofikiri.

Yafaa tangu mwanzo nitoe tahadhari ya kiutaratibu. Neno moja pekee halithibitishi historia. Mzizi wa Kibantu hautwambii mwaka, wala neno la kukopwa halithibitishi kwamba kitu chenyewe kilikuwa hakijulikani kabla ya neno lake kuja. Lakini maneno yanapokusanyika makundi makundi, kundi moja likawa la wenyeji na jingine la kigeni, na mpaka kati yao ukawa dhahiri, mpaka huo wenyewe wadai maelezo.

II. Mimea na Majina Yake

Mimea iliyo muhimu kwa msukaji wa pwani ni michache. Wa kwanza ni mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata. Huota mahali penye unyevu, kandokando ya mito na mabonde, na vipande vya majani yake huitwa ukindu. Wa pili ni mkoma, wa jamii ya Hyphaene, wenye majani yaliyotanuka kama upepeo. Hapa twakutana na tofauti ya lahaja inayostahili kuangaliwa. Unguja na Mombasa vipande vya majani ya mti wa jamii hiyo huitwa miyaa, umoja wake mwaa. Bali Rufiji na kusini yake huitwa milala, umoja wake mlala. Mimea hii miwili ni ya Afrika yenyewe, haikupandwa na mgeni yeyote.

Wa tatu ni mnazi, ambao asili yake ni ng'ambo ya bahari. Kuti lake ni pana na gumu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuezeka na kuzungushia ua, wala si kusuka vitu vya hali ya juu. Wa nne ni mwale, yaani Raphia, ambao katika pwani yetu umetumika zaidi kwa mapango yake yaliyo marefu na mepesi kuliko kwa jani lake. Jambo hilo nitalirejea. Wa tano ni mgomba. Jani lake bichi hufungia chakula, na likikauka hupasuka kwa kufuata mishipa yake, kwa hiyo halikupewa kazi ya kusukwa.

Sasa tuyaangalie majina. Mti huitwa mkindu, lakini kile kipande chembamba kinachoshikwa mkononi ni ukindu. Kiambishi cha u- hapa si cha kubahatisha. Ndicho kiambishi cha vitu vyembamba na virefu ambavyo hutumika vingi pamoja: uzi, unywele, ufito, ukuti. Katika ngeli hiyo hiyo twakuta ukambaa, yaani kamba iliyosukwa kwa majani, na ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa kwa chane nyingi. Lugha imeuweka ukindu, uzi na unywele katika chumba kimoja. Mtu aweza kusema kwamba hilo ni jambo la sarufi tu. Lakini tutaona punde kwamba vitendo navyo vimekaa humo humo.

III. Kuchana, Kusuka, Kushona

Kazi ya ukili huanza kwa kukata majani machanga yasiyofunguka bado, maana hayo ndiyo laini. Huanikwa juani mpaka yakabadilika rangi na kuwa meupe. Kisha huchanwa kwa ncha ya kisu au kwa ukucha, na kila kipande kilichopatikana huitwa chane. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa. Zamani mizizi ya mdaa ilitumiwa kwa rangi ya giza, na siku hizi hununuliwa rangi za unga dukani. Chane hulowekwa kidogo zisikatike, ndipo husukwa. Msukaji hatengenezi mkeka moja kwa moja. Husuka kwanza ukili, wembamba wa vidole kadhaa, ukaendelea kurefuka na kuviringishwa kama utepe. Ukili ukitosha, hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana unaotakiwa. Hivyo mkeka una kazi mbili zilizo mbali: kwanza kusuka, kisha kushona.

Vitenzi vitatu vimebeba kazi yote hii: kuchana, kusuka, kushona. Kila kimoja kati ya hivyo chafanya kazi mahali pengine ambapo hapana jani. Kuchana ni kupasua jani, tena ni kupitisha kitana katika nywele, na chombo chake ni chanuo. Kusuka ni kusuka ukili, tena ni kusuka nywele, na fundi wake ni msusi. Binti anayekaa kibarazani Magomeni, nywele zake zikigawanywa na kusukwa, afanyiwa kazi ile ile, kwa majina yale yale, ambayo mama yake aweza kuifanyia ukindu. Wala si majina tu. Mkono wa msusi na mkono wa msukaji wa ukili hufuata kanuni moja: nyuzi hushikwa zote kwa vidole, na ule wa pembeni hurudishwa ndani kwa mshazari.

Jambo hili la mshazari ni la maana sana kwa hoja yangu. Katika kitanda cha mfumaji wa nguo kuna nyuzi za aina mbili zilizo na kazi mbili. Kuna mtande, yaani nyuzi zilizotangulia kutandazwa zikakazwa. Na kuna mshindio, yaani uzi unaopitishwa katikati yake. Maneno yote mawili yamo katika kamusi zetu. Lakini ukili hauna mtande wala mshindio. Kila chane ni mtande inapokwenda upande mmoja, na ni mshindio inaporudi. Ndiyo maana msukaji hana haja ya maneno hayo mawili, na ndiyo maana Kiswahili kimetenga kusuka na kufuma kuwa vitenzi viwili. Mswahili hasemi kwamba amefuma mkeka. Lugha nyingine za Kibantu hazikutenga hivyo kila mara. Kiganda na Kichewa, mathalan, hutumia luka kwa usukaji wa mikeka na vikapu, na Kizulu hulitumia luka kwa ufumaji pia. Mtengano wa Kiswahili watuonyesha jamii iliyojua ufundi wote mawili bega kwa bega, ikaona haja ya kuubainisha.

Kitenzi cha tatu, kushona, kina safari ndefu zaidi. Leo likitajwa neno fundi wa kushona, akili hukimbilia cherehani. Lakini katika pwani hii vitu vilishonwa kabla ya cherehani, na vingine havikuwa vya nguo hata kidogo. Kitabu cha baharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja mashua za kushonwa katika mji wa Rhapta, ambao wataalamu huuweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Mtepe wa Lamu, uliodumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa chombo cha namna hiyo: mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari. Basi kushona katika pwani hii ni kuunganisha ubavu kwa ubavu, iwe ubao kwa ubao, ukili kwa ukili, au kitambaa kwa kitambaa. Husimuliwa pia kwamba kanga za kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, zilipatikana kwa kushona leso ndogo ndogo pamoja mpaka zikawa nguo moja pana. Sisemi kwamba wanawake wale waliiga mkeka. Nasema kwamba kupata upana kwa kushona vipande vyembamba halikuwa wazo geni kwao.

IV. Majina ya Wenyeji na Majina ya Kukopwa

Tukiweka orodha mbili sambamba, mpaka niliousema hapo mwanzo waonekana.

Malighafi za nguo zina majina ya kigeni karibu zote. Hariri ni ya Kiarabu. Kitani ni ya Kiarabu. Sufi ni ya Kiarabu. Na pamba wataalamu hulihusisha na Kiajemi. Vipimo vya nguo navyo vilikuja na wafanyabiashara: doti, ambayo ilikuwa mikono minane, ina asili ya Kihindi, na jora, au gora, nalo ni la biashara hiyo hiyo. Chombo cha kushonea, cherehani, kina asili ya Kiajemi.

Malighafi za usukaji hazina dalili hiyo. Ukindu, mwaa, mlala, chane, ukili, ukambaa: hapana hata moja katika haya linaloonekana kuvuka bahari. Kipimo cha ukili ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, nalo ni neno litokalo katika kitenzi cha wenyeji. Muuzaji wa marekani alipima kwa doti. Msukaji alipima kwa mwili wake.

Lakini sehemu iliyo muhimu kabisa ni ile inayovuruga unadhifu wa orodha hizi. Katika ufundi wa nguo wenyewe, ambako malighafi zimekopwa, vitendo havikukopwa. Kushona, kufuma, kusokota, kutanda, kukunja na kupinda ni maneno ya Kibantu. Uzi na nguo ni maneno ya Kibantu. Hata kanga, ambayo jina lake la pili, leso, ni la Kireno, ukingo wake huitwa pindo, kutokana na kupinda, na sehemu yake ya katikati huitwa mji. Maana yake ni nini? Ni kwamba malighafi mpya ilipofika ilipewa jina lake ililokuja nalo, lakini ilikabidhiwa kwa mikono iliyokuwa na vitenzi vyake tayari. Hapo ndipo ninapopata ile kauli kwamba jani lilimfundisha mtu wa pwani kabla ya pamba. Mtu asiyejua kusokota hukopa neno la kusokota pamoja na pamba yake.

Upande wa mikeka napo twaona jambo la kufanana, ila limegeuka. Malighafi na vitendo ni vya wenyeji, bali baadhi ya vitu vilivyokwisha kutengenezwa vimepewa majina ya kigeni kwa sababu matumizi yake yalitoka ugenini. Msala, ule mkeka wa kusalia, ni neno la Kiarabu, kwa kuwa sala yenyewe ilikuja na dini. Lakini msala wasukwa kwa ukindu ule ule na mikono ile ile. Busati lilikuwa jina la mkeka uliotoka Maskati. Chapeo ni neno la Kireno, na pama lafuata jina la Panama. Majina hayo yote mawili yametumika kwa kofia pana za ukindu zilizosukwa hapa hapa. Mtu akivaa pama ya ukindu kichwani amevaa jani la Rufiji lenye jina la ng'ambo.

V. Nguo ya Chombo, Nguo ya Msiba

Nimekwisha kutaja mtepe. Tanga lake halikuwa la turubai. Lilikuwa la mkeka, lenye pembe nne, lililosukwa kwa majani. Kwa hiyo neno tanga hapo mwanzo lilitaja kitu kilichosukwa na kutandazwa, kabla ya kuhamia kwenye kitambaa cha jahazi. Tulitazame pamoja na ndugu zake. Kitanga ni mkeka mdogo wa mviringo wa kuwekea vitu. Kitanga cha mkono ni ile sehemu bapa ya kiganja kilichofunguliwa. Na matanga ni siku za maombolezo, ambapo jamaa na majirani hulala pamoja katika nyumba ya msiba. Wako waliofafanua kwamba matanga yalipata jina lake kutokana na mikeka iliyotandikwa kwa ajili ya wafiwa, na mimi naona maelezo hayo yana nguvu, kwani yanakubaliana na maana ya maneno mengine matatu: kila moja lataja kitu bapa kilichofunguliwa wazi. Anayesema leo kwamba anakwenda matanga Tandika au Mwananyamala hataji mkeka. Lakini akifika, mkeka ndio anaokalia.

Kulikuwa pia na fumba, ule mfuko wa mkeka ambao mtu, aghalabu baharia, aliingia ndani yake akalala. Kati ya vitu vyote vya ukili, huu ndio uliokaribia zaidi kuwa vazi. Kulikuwa na mashupatu, yaani kili nyembamba zilizofumbatwa juu ya mbao za kitanda badala ya kamba. Kulikuwa na kawa la kufunikia chakula, kanda la kutilia nafaka, na jamvi la kupokelea wageni, ambalo limetuachia misemo: mambo yakimalizika husemwa kwamba jamvi limekunjwa, na mtu anayetumiwa na kila apitaye huitwa jamvi la wageni.

Tukiyaweka haya pamoja twapata picha iliyo tofauti na ile ya mwanzo. Ukili ulikuwa nguo ya chombo baharini, nguo ya kitanda, nguo ya sakafu, nguo ya sala na nguo ya msiba. Ulisimama kati ya mwili wa mtu na ardhi, mahali ambapo pamba haikuchukua nafasi yake mpaka juzi.

VI. Kwa Nini Jani Halikuwa Vazi

Yapasa hapa tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako waandishi wa zamani waliopenda kusema kwamba kabla ya wageni kuja watu wa pwani walivaa majani, na walisema hivyo kwa dharau. Ushahidi wa maneno hauungi mkono kauli hiyo. Vazi la majani tulilo nalo, kibwaya, ni la wacheza ngoma. Kazi yake ni kutikisika na kulia pamoja na mchezo, wala si kusitiri mwili wa mtu aendaye shambani.

Swali lililo bora ni hili: kama ufundi wa jani ulikuwa mkubwa kiasi hiki, kwa nini haukuzaa nguo ya kuvaa? Majirani zetu wa bara waweza kutusaidia kulijibu. Huko Kongo, hasa kwa Wakuba wa Kasai, jani changa la mwale lilimenywa ngozi yake nyembamba, likapatikana uzi laini; wanaume waliufuma, wanawake wakautarizi, na vitambaa hivyo vilivaliwa na wafalme. Kwa Wasongye vitambaa vya aina hiyo vilitumika hata kama fedha. Buganda nako walitwanga gome la mutuba mpaka likawa nguo pana, ambayo Waswahili waliiita mbugu; ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 na kuandikwa katika orodha ya urithi wa dunia wa mambo yasiyoshikika mwaka 2008.

Mwale uko pwani pia, tena kwa wingi Pemba. Lakini sisi twauchukua upongoo wake, tukafanyia milango na upondo, jani lake tukaliacha. Naona sababu yake ni bahari. Pamba ilifika pwani mapema na ilisokotwa hapa hapa, kama vile vipande vya udongo vya Kilwa vinavyoonyesha. Mahali pwani ilipopata pamba kwa merikebu, jani halikulazimika kuwa vazi. Lilibaki katika kazi ambazo pamba haikuziweza au ilikuwa ghali mno kuzifanya. Bara, mbali na merikebu, jani na gome yaliendelezwa mpaka yakavaliwa. Kwa hiyo kutovaa jani si dalili ya ufundi mdogo, na kulivaa si dalili ya unyonge.

VII. Viunga vya Dar es Salaam

Dar es Salaam ina nafasi ya pekee katika habari hii, kwa sababu ni mahali pa mkutano. Wazaramo na Washomvi waliokuwapo kabla ya mji walikuwa na msamiati wao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipopima viwanja vya Waafrika huko Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni, walikuja watu wa Rufiji, wa Kilwa, wa Mafia, wa Unguja na wa mikoa ya bara. Nyumba za mitaa ile zilikuwa za miti na udongo, na mapaa yake yalikuwa ya makuti au ya madebe yaliyonyoshwa. Ndani mlikuwa na mikeka. Mtu wa Rufiji alisema milala, mtu wa Unguja akasema miyaa, na wote walisuka kitu kimoja katika ua mmoja. Mpaka leo mikeka ya milala yaja mjini kutoka kusini, na muuzaji wa Mbagala humweleza mteja kwa neno la Rufiji. Mtaalamu wa lahaja angekuwa na kazi nzuri katika ua wa namna hiyo.

Viunga hivi vimekuwa pia mahali pa majaribio. Ilikuwa Msasani, katika eneo la Kinondoni, ambapo Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vibao vya ujenzi vya bei nafuu, na jina lake likawa jina la sanaa nzima. Kwa moyo ule ule wa kutumia kilichopo karibu, mafundi wa siku hizi wamejaribu majani kwa njia ambazo bibi zao hawakuzijua. Ukili hushonwa pamoja na ngozi ukawa mkoba. Huunganishwa na kitenge ukawa mshipi au kiatu. Na jani kavu la mgomba, ambalo halikusukwa zamani, hukatwa na kubandikwa likawa picha za wanawake wenye mitungi na za jahazi baharini. Tofauti iko moja. Mchoraji wa Tingatinga hutia jina lake pembeni ya picha. Msukaji wa ukili, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hatii jina. Na historia yetu ya sanaa haijamtafuta.

Majaribio haya ni jambo jema, lakini yanaubadili msamiati. Fundi wa mikoba hununua ukili uliokwisha kusukwa, kwa hiyo hana haja ya neno chane. Mteja wake hununua kikapu, kwa hiyo hana haja ya neno ukili. Kitanda cha mashupatu kimetoweka katika nyumba nyingi, na neno limekwenda nacho. Mkeka wenyewe sasa hutoka kiwandani, umetengenezwa kwa plastiki, haukuchanwa wala kusukwa na mkono wa mtu, na bado twauita mkeka. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, wengi walitumaini kwamba kikapu cha ukindu kingerudi sokoni. Kilirudi kwa kiasi kidogo. Nafasi kubwa ilichukuliwa na mifuko mingine ya kiwandani.

Hali hii imefikia mahali pa kustaajabisha. Vijana wa Temeke na Kinondoni hulitumia neno mkeka kwa maana ya orodha ndefu ya mechi ambazo mtu amezibashiri kwa fedha. Na magazeti na wasemaji hulitumia pia kwa orodha ya watu walioteuliwa katika vyeo. Mechi moja ikienda kinyume, husemwa kwamba mkeka umechanika. Kiisimu hakuna la kulaumu hapa: orodha imetandazwa kama mkeka, na picha ni nzuri. Lakini angalia kitenzi. Kuchana, ambako katika ufundi ndiko mwanzo wa mkeka, kumekuwa mwisho wake. Kijana anayesema hivyo hajakosea. Amerithi neno bila kuirithi kazi iliyolizaa.

VIII. Yapasayo Kufanywa

Kamusi za Krapf (1882), Madan (1903), Sacleux (1939) na Johnson (1939) zilikusanya maneno mengi ya usukaji kwa sababu watungaji wake waliishi kati ya watu waliokalia mikeka ya kusuka. Kamusi za baadaye zimeyarithi mengi ya maneno hayo kutoka kwao, mara nyingi kwa maelezo mafupi mno. Maelezo ya namna hiyo hayamwambii msomaji tofauti ya ukili na shupatu, wala kwa nini mtu husuka kwanza na kushona baadaye. Hutaja kitu, bali huacha kitendo. Na tumeona kwamba vitendo ndivyo vilivyobeba historia.

Kazi inayotakiwa si kubwa wala si ya gharama. Watafiti wa lugha waende Mbagala, Kigamboni, Tandale na Bunju, na ng'ambo ya hapo Rufiji na Mafia, wakae na wasukaji tangu kukata jani mpaka kufunga pindo, na waandike kila jina la kila hatua, la kila kosa na la kila pambo, pamoja na lahaja ya msemaji na mahali alikojifunza. Waandike milala mahali palipo na milala, na miyaa mahali palipo na miyaa, wasilazimishe neno moja kuwa sanifu kabla ya kulijua jingine. Na majina ya wasukaji, wakiridhia wenyewe, yaandikwe pia pamoja na maneno yao, kwani hao ndio wanazuoni wa somo hili. Walio na ujuzi kamili wa kazi hii, tangu bonde la mikindu hadi mkeka uliotandikwa, wengi wao sasa ni wazee. Uchunguzi huu hauwezi kungoja kizazi kingine cha watafiti.